Kutumia bastola ya gesi ya easofti kwenye baridi: maelezo ya fundi friji

Bastola ya gesi ikianza kugoma mwezi wa Januari, wachezaji wengi huilaumu gesi. Wananunua kopo lenye jina kali zaidi, wanajaza, wanapiga gololi kadhaa, na hali inarudi ileile. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi. Kazi niliianzia kwenye vyumba vya barafu vya samaki Tanga, na sasa naifanya Leeds, kaskazini mwa Uingereza, ambako Jumapili nyingi utanikuta msituni nikicheza easofti. Tatizo hili nalitazama kwa jicho la kazi yangu, na nasema bila kusita: kinachoisha kwenye magazini (kile kibebeo cha gololi na gesi kinachochomekwa kwenye bastola) wakati wa baridi si gesi, ni joto. Ukijua kulitunza joto la magazini, bastola yako itakutumikia karibu mwaka mzima.

Nawaandikia hasa ndugu zetu waliokuja huku karibuni wakaupenda mchezo huu kupitia marafiki wa kazini au wa chuoni. Kwa asiyeufahamu: timu mbili zinakutana msituni au kwenye jengo, kila mtu ana bunduki ya mfano inayorusha gololi za plastiki za milimita 6. Gololi haiachi alama ya rangi. Ukipigwa, unainua mkono na kusema mwenyewe kwamba umepigwa, kisha unatoka. Mchezo wote umesimama juu ya uaminifu huo.

Kinachotokea ndani ya magazini

Ndani ya magazini ya bastola, kando ya njia ya gololi, kuna chumba kidogo cha gesi. Gesi imo humo kwa hali mbili kwa pamoja: majimaji chini, mvuke juu. Mvuke ndio unaoisukuma gololi na kuirudisha nyuma slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza. Presha ya mvuke huo haitegemei umejaza kiasi gani. Maadamu kuna majimaji yaliyobaki, presha inafuata nyuzi za joto za majimaji hayo, basi.

Sisi mafundi tunalisoma jambo hili kwenye geji, yaani kipimo cha presha, kila siku. Makopo mengi ya easofti yanayouzwa Ulaya kwa jina la gesi ya kijani yana propeni iliyotiwa mafuta kidogo ya silikoni. Propeni ikiwa na nyuzi 30, joto la kawaida la mchana kule Tanga, geji inasoma karibu baa 10. Nyuzi 20, inasoma baa 7.4. Nyuzi 10, baa 5.4. Ikishuka hadi sifuri, baa 3.7. Yaani kutoka siku nzuri ya kiangazi cha Uingereza hadi asubuhi ya Januari umepoteza nusu ya presha kabla hujafyatua hata mara moja.

Halafu unafyatua. Mvuke ukitoka, majimaji yanachemka kujaza pengo, na ili yachemke yanahitaji joto. Joto hilo yanalichota kwenye chuma cha magazini chenyewe. Aliyewahi kupikia shughuli kwa jiko kubwa la gesi ameuona mtungi ukitoka jasho na kuwa baridi wakati jiko linawaka kwa nguvu: ni jambo hilihili. Gramu moja ya propeni ikichemka inachota takriban jouli 350. Magazini ya aloi ya zinki yenye gramu 300 inashuka karibu nyuzi 3 kwa kila gramu inayotoka. Ukiwa msituni kwenye nyuzi 5 na ukapiga mfululizo, unaweza kuifikisha magazini chini ya sifuri kabla gololi hazijaisha, na presha inashuka nayo.

Dalili zake zinafuatana kwa mpangilio. Kwanza mlio unakuwa mzito na gololi inaanguka karibu. Kisha slaidi hairudi hadi mwisho, kwa hiyo haichukui gololi inayofuata, na unafyatua hewa tupu. Kisha slaidi haikai nyuma magazini inapoisha. Mwisho bastola inatoa gesi kidogokidogo bila kurusha chochote. Ukifika hapo, usiongeze gesi. Gesi imo tele. Ipe magazini joto.

Gesi ipi kwa msimu upi

Kila gesi ina nyuzi zake za kuchemka, na chini ya nyuzi hizo haitoi presha yoyote ya kukusaidia. Buteni inachemka karibu na sifuri, pungufu ya nusu nyuzi. Hii ndiyo gesi ya viberiti vya gesi na ya makopo mengi ya kupikia kambini, na wakati wa baridi haifai kabisa. Isobuteni inachemka kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri. R134a, ambayo mafundi friji na magari wote wanaijua, inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Propeni, nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa baridi ya Uingereza propeni ndiyo jibu, na sioni sababu ya kuzunguka.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Bastola nyingi za Japani, zikiwemo za kampuni ya Tokyo Marui, zilibuniwa kwa R134a kwenye joto la chumba. R134a ikiwa na nyuzi 20 inatoa karibu baa 4.7 kwenye geji. Propeni inafika presha hiyohiyo ikiwa na nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo bastola ya Kijapani yenye slaidi ya plastiki, ambayo kiangazi inaumizwa na propeni, majira ya baridi inakuwa inafanya kazi kwenye presha ileile iliyokusudiwa na walioitengeneza. Slaidi ile nyepesi ya plastiki, ambayo wengi wanaidharau na kuibadilisha ya chuma, ndiyo inayokubali kurudi nyuma kwa nguvu kidogo. Ukiwa na bastola ya namna hiyo, usiibadilishe slaidi kabla ya msimu wa baridi.

R134a yenyewe siipendekezi tena hata kiangazi. Kilo moja ya gesi hiyo ikiingia angani inapasha dunia joto kama kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi kwa hesabu ya miaka 100. Katika kazi yangu gesi hiyo tunaikusanya kwenye mitungi maalumu, na haruhusiwi mtu kuiachia hovyo. Kuipulizia msituni kwa ajili ya mchezo kunanikera.

Kuna pia vidonge vya chuma vya kaboni dayoksaidi vya gramu 12. Kwenye sifuri bado vina baa 34 hivi, kwa hiyo baridi haivizimi haraka. Lakini ni kwa bastola zilizotengenezwa kwa ajili yake tu, na slaidi ya plastiki haitastahimili. Navyo vinapoa ukipiga haraka. Kwa mtu anayeanza, propeni na nidhamu ya joto vinatosha.

Wanaotaka kuachana na tatizo hili moja kwa moja hutumia hewa iliyoshindiliwa: chupa ya baa 200 au 300 begani, regulata ya kupunguza presha, na bomba la mpira linaloingia kwenye bunduki. Hewa haina majimaji ya kuchemka, kwa hiyo baridi haiisumbui kwa maana. Ni mfumo wa gharama. Chupa inajazwa na mtu anayejua, na tarehe ya ukaguzi iliyopigwa muhuri kwenye chupa lazima iwe bado hai. Viwanja vingi vinataka regulata iwe na kufuli ili mchezaji asiongeze presha baada ya kupimwa.

Kujaza

Jaza nje, penye upepo, mbali na mtu anayevuta sigara na mbali na hita. Propeni ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu hivi, inatulia chini, na asilimia 2 tu ya propeni kwenye hewa inatosha kuwaka. Ndani ya gari lililofungwa vioo usijaze kamwe, hata mvua ikinyesha.

Geuza magazini kichwa chini ili valvu ya kujazia itazame juu. Geuza kopo kichwa chini juu yake. Vyote viwe wima na mnyoofu, kisha bonyeza kwa nguvu moja bila kutikisa. Majimaji yanashuka kwa uzito wake. Ukiinamisha, gesi inavuja pembeni na vidole vinaungua kwa baridi. Majimaji ya propeni yakigusa ngozi yanaigandisha, kwa hiyo vaa glavu.

Sasa siri ya majira ya baridi. Gesi inahama kutoka penye joto kwenda penye baridi. Kopo likiwa na joto kuliko magazini, majimaji yanaingia bila shida. Magazini ikiwa ya joto na kopo limelala kwenye majani yenye umande, hakuna kitakachoingia, na utakaa hapo ukibonyeza na kusikia mluzi mtupu. Kwa hiyo kopo likae ndani ya begi, limezungushiwa fulana au sweta. Magazini ijazwe ikiwa baridi. Ikishajaa ndipo unapoipasha. Mpangilio huo usiugeuze.

Magazini iliyofunguliwa kwa matengenezo ina hewa ndani, na hewa haigeuki majimaji. Inakaa pale na kuzuia gesi kuingia. Weka gesi kidogo, bonyeza valvu ya kutolea kwa kitambo huku umeielekeza mbali na uso, kisha jaza upya.

Kujaza kupita kiasi ni kosa la kawaida sana. Majimaji yakifika juu, kinachotoka kwenye valvu si mvuke tena bali majimaji yenyewe: unaona wingu jeupe, gololi inatoka dhaifu, na magazini inaganda kwa kasi. Mafundi friji hatujazi kwa kukisia, tunajaza kwa mizani, na mizani ndogo ya jikoni inatosha kwa kazi hii. Nyumbani, siku isiyo ya mchezo, toka nje, pima magazini tupu, ijaze mpaka iteme, pima tena. Tofauti ndiyo ujazo wake kamili. Baada ya hapo lengo lako liwe robo tatu ya uzito huo au zaidi kidogo. Ukifanya hivyo kwa kila magazini yako, mkono wako utajifunza ni sekunde ngapi za kubonyeza zinatosha, na uwanjani hutahitaji mizani.

Joto: kulipata na kulitunza

Chanzo bora cha joto ni mwili wako. Magazini zikae mfuko wa ndani ya koti, karibu na kifua, si kwenye mikanda ya nje ambako kila mtu anapenda kuzipanga kwa sababu ya sura. Nimezungumza na vijana wengi waliovaa vesti nzuri zenye mifuko sita ya magazini mbele, zote zikipigwa na upepo. Vesti ni ya kiangazi. Majira ya baridi, ndani ya koti.

Vipo vipakiti vya kupasha mikono vyenye unga wa chuma, vinavyopata moto vikikutana na hewa. Vinasaidia sana, ila visiguse magazini moja kwa moja. Weka kipakiti upande mmoja wa kitambaa kizito, au ndani ya soksi ya sufu, na magazini upande wa pili. Kipimo changu ni kiganja: ukiishika magazini ukaona ni vuguvugu, sawa. Ukiona inakuunguza, imepita kiasi. Makopo ya gesi huandikwa yasizidi nyuzi 50, na magazini nayo iheshimu mpaka huo kwa mbali. Moto wa kiberiti, hita ya gari, jiko, maji ya moto, chombo cha maikrowevu: vyote hivyo haviingii kwenye mjadala. Ni chombo chenye presha na gesi inayowaka ndani yake.

Kuwa na magazini zisizopungua tatu. Moja kwenye bastola, mbili kifuani. Iliyo kwenye bastola ndiyo inayopoa, maana bastola imezungukwa na hewa baridi na kila mpigo unachota joto. Usisubiri igome. Ukishapiga nusu na ukapata nafasi nyuma ya mti, ibadilishe, rudisha ile baridi kifuani, ipumzike. Chuma kinahitaji dakika kadhaa kurudisha joto, kwa hiyo mzunguko wa magazini tatu una maana kuliko gololi mia kwenye magazini moja kubwa.

Bastola yenyewe nayo, kama kifuko chake kimefungwa pajani, inakaa saa nzima kwenye majani yenye maji. Ihamishie kifuani au kiunoni chini ya ukingo wa koti. Utaona tofauti.

Na punguza kasi ya kidole. Mpigo mmoja, pumzi moja, mpigo mwingine. Majimaji yanapata muda wa kuchota joto kutoka chuma chote badala ya kuganda pale karibu na valvu. Bunduki kubwa za gesi zinazopiga mfululizo zinaadhibiwa zaidi, kwa sababu boliti yake, kile kipande cha ndani kinachorudi nyuma kila mpigo, ni nzito na inakula gesi nyingi. Chini ya nyuzi 5 hizo naziacha nyumbani. Nabeba bunduki ya umeme, ambayo betri yake nayo inadhoofika kidogo kwa baridi lakini inaendelea, na bastola ya gesi inakuwa msaidizi wa karibu.

Kipimo cha nguvu, na kwa nini kipimo cha asubuhi kinadanganya

Kabla ya mchezo, wasimamizi hupima kasi ya gololi yako. Sheria ya Uingereza inaruhusu jouli 1.3 kwa bunduki ya easofti inayoweza kupiga mfululizo, na jouli 2.5 kwa inayopiga moja moja. Ukizidisha hapo, kisheria hicho si kifaa cha mchezo tena. Viwanja vingi vinaweka mipaka ya chini zaidi, na uliozoeleka ni futi 350 kwa sekunde kwa gololi ya gramu 0.20, ambao ni jouli 1.14.

Bastola ya gesi ikipimwa asubuhi na magazini ya baridi itapita kwa urahisi. Magazini ileile ikitoka kifuani na nyuzi 28 inaweza kuwa juu ya mpaka. Kwa hiyo pima na magazini ya joto, uliyoitoa ndani ya koti wakati huohuo, hata kama msimamizi hakukuambia. Unayempiga ni mtu, na ngozi yake haijui kwamba asubuhi ulipita.

Kuna lingine. Watu wa gesi hupenda gololi nzito, gramu 0.28 au 0.30, kwa sababu hazipeperushwi na upepo msituni, na nakubaliana nao. Lakini gololi nzito inachelewa kutoka kwenye mtutu, na gesi inaendelea kuisukuma muda wote huo, kwa hiyo inatoka na jouli nyingi kuliko ile nyepesi kutoka bastola ileile. Pima na gololi unayoitumia. Kwa gololi ya gramu 0.30, jouli 1.14 ni futi 286 kwa sekunde hivi. Kama kipimo kinaonyesha 320, umezidisha.

Mpira wa ndani ya mtutu unaoizungusha gololi kinyumenyume ili iende mbali, yaani hopapu, unakuwa mgumu kwenye baridi. Urekebishe uwanjani kabla ya mchezo, baada ya bastola kupoa kama itakavyokuwa msituni. Marekebisho ya sebuleni hayatadumu.

Macho

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu baridi inaleta hatari ambayo kiangazi haina sana: ukungu kwenye miwani. Mtu anakimbia, anatoka jasho, kioo kinakuwa cheupe, na mkono unapanda wenyewe kuinua miwani ili afute. Ndani ya uwanja miwani haiinuliwi. Kama huoni, inua mkono, piga kelele kwamba unatoka, shikwa mkono na mwenzako mpaka eneo salama, na huko ndiko unakofuta.

Nunua miwani inayoziba pande zote, yenye kioo cha tabaka mbili. Tazama alama za kiwango cha EN 166. Herufi F ina maana kioo kilijaribiwa kwa kipira cha chuma cha gramu 0.86 kikienda mita 45 kwa sekunde, nguvu isiyofika hata jouli 1. Herufi B ni mita 120 kwa sekunde, zaidi ya jouli 6. Bastola yako inaweza kuzidi jouli 1. Kwa hiyo tafuta B, kwenye kioo na kwenye fremu. Miwani ya wavu wa chuma haipati ukungu na wengi wanaipenda kwa sababu hiyo, ila gololi inayopasuka hutoa vipande vidogo vinavyopita kwenye wavu. Mimi sivai, na siruhusu wageni ninaowaleta wavae. Kipeperushi kidogo cha betri ndani ya miwani kinafanya kazi vizuri. Na usijivike nguo nyingi mno: jasho ndilo linaloleta ukungu. Vaa tabaka nyembamba, funika meno na shingo.

Njiani kwenda na kurudi

Hili linawahusu sana wasomaji wangu. Bastola hizi zinafanana na za kweli kabisa, na sheria ya Uingereza inakataza kuwa na silaha ya mfano mahali pa umma bila sababu ya msingi. Iwe ndani ya sanduku lililofungwa, magazini nje, sanduku ndani ya buti ya gari. Usisimame kituo cha mafuta ukiwa na kifuko cha bastola kiunoni. Usimwonyeshe rafiki kwenye maegesho. Mtu mmoja akipiga simu, watakaokuja ni polisi wenye bunduki za kweli, na hawatajua kwamba yako ni ya plastiki. Mtu mweusi au mwenye ndevu na koti la kijeshi hana sababu yoyote ya kulijaribu hilo.

Asiye na umri wa miaka 18 hauziwi. Kununua bunduki yenye sura ya kweli kunahitaji uthibitisho kwamba wewe ni mchezaji. Njia ya kawaida ni kusajiliwa UKARA, sajili ya wachezaji wa easofti wa Uingereza, kupitia uwanja wako, baada ya michezo isiyopungua 3 ndani ya muda usiopungua siku 56. Kabla ya hapo kodisha uwanjani, au nunua iliyopakwa rangi kali.

Na tafadhali, usiipakie kwenye sanduku la kwenda nyumbani kumpelekea mpwa wako Mombasa au Dar es Salaam. Forodha hawana sababu ya kuichukulia kama kitu cha kuchezea, na makopo ya gesi hayaruhusiwi kwenye ndege hata kidogo.

Baada ya mchezo

Toa magazini, fyatua mara moja ukielekeza mtutu chini mahali salama, funika mtutu kwa soksi yake kabla ya kuingia eneo la kupumzikia. Ukifika nyumbani, chuma baridi kikiingia kwenye joto kinatoka jasho ndani na nje. Fungua slaidi, futa kila kitu, acha mezani kikauke mpaka kifikie joto la chumba, ndipo upake mafuta ya silikoni kidogo kwenye reli na kwenye ringi za mpira. Mafuta ya mashine na ya kupulizia kutu yanaharibu mpira, yasikaribie magazini.

Acha gesi kidogo ndani ya kila magazini. Presha ndogo inazikandamiza ringi mahali pake, na magazini inayokaa tupu miezi mingi ndiyo inayovuja ikijazwa. Zihifadhi mahali penye ubaridi wa kawaida, mbali na radieta.

Ukisikia kuvuja, fanya kama tunavyofanya kwenye mabomba ya friji: povu la sabuni. Paka kwenye valvu ya kujazia, valvu ya kutolea, na mstari wa kitako cha magazini. Mapovu yatakuonyesha. Yakitoka kwenye valvu ya kujazia, tone moja la silikoni na kubonyeza mara mbili tatu mara nyingi linatosha, kwani ni uchafu tu. Yakitoka kwenye valvu ya kutolea, toa gesi yote nje ya nyumba, hakikisha imeisha, ifungue kwa ufunguo wake maalumu, na ubadilishe ringi yake. Yakitoka kwenye kitako, gasketi imekakamaa. Nunua mpya ya modeli yako halisi, kwa sababu tofauti ya nusu milimita itakurudisha kwenye povu wiki ijayo.